Yatima Aliyeshika Kalamu: Kuusoma Utendi wa Mwana Kupona kutoka Mugango

Yapo mashairi ambayo yamesomwa kwa namna moja kwa muda mrefu, hata namna hiyo ya kusoma ikadhaniwa kuwa ndiyo shairi lenyewe. Utendi wa Mwana Kupona ni mojawapo. Utaje mbele ya wanafunzi wa fasihi, au mbele ya akina mama waliokusanyika kumfunda mwari, na jibu litakuja kabla ya swali: ni wasia wa mama kwa bintiye juu ya kumtii mume. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kuwa kitabu mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Jina hilo liliganda. Tangu hapo mabishano yamekuwa juu ya jambo moja tu, yaani kama nasaha hizo ni njema au ni mbaya. Wako wanaoutukuza utenzi kama hazina ya maadili, na wako wanaoulaani kama mnyororo wa kumfunga mwanamke. Pande zote mbili zinakubaliana, bila kujua, kwamba mhusika mkuu wa utenzi ni mume.

Mimi nausoma kwa namna nyingine, na ninaomba msomaji anivumilie nieleze sababu. Mume katika utenzi huu hana jina wala sura. Mwenye sura ni mtoto wa kike anayeitwa asogee, aketi karibu na kitanda cha mgonjwa. Huu ni utenzi wa utoto unaokatizwa. Mama anakufa, na kabla hajafa anajaribu kumkuza bintiye kwa mkao mmoja.

Historia ya mji wenyewe inasaidia kulielewa hilo. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanazuoni, uliosifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, na ulikuwa mji mkaidi. Miji mingi ya pwani ilipokwisha kuinama mbele ya Seyyid Said wa Unguja, Siyu ulikataa. Katikati ya miaka ya 1840 jeshi la Sultani lilipelekwa kuutia adabu, likashindwa, na jemadari wake, Hamad bin Ahmad, akauawa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Seyyid Said naye alifariki akiwa safarini baharini. Mahasimu wawili wakaondoka pamoja, lakini ugomvi wao haukuzikwa nao. Mwaka 1863, chini ya Sultani Majid, Siyu ulikuwa umetiwa mkononi.

Utenzi uliandikwa kati ya matukio hayo. Mwana Kupona mwenyewe anataja mwaka mwishoni, 1275 wa Hijria, ambao ulianza Agosti 1858. Hesabu basi hali ya nyumba ile: baba amekwisha kufa miaka miwili iliyopita, mama anasema maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, na mji unaoilinda familia umebakiwa na miaka mitano ya kujitawala. Binti, Mwana Hashima, anakadiriwa kuwa na umri wa miaka 17 hivi. Ana ndugu wa kiume. Miaka michache baadaye mama yao naye alifariki.

Mtu akiyajua haya, beti za mwanzo hazisomeki tena kama utangulizi wa kawaida wa tenzi. Mama anamwita binti, anamwambia aje na wino na karatasi kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumpa. Wachambuzi hupita hapo haraka, wakisema ni desturi ya utunzi. Desturi ni kweli ipo. Lakini tazama kinachotendeka: anayeandika ni yule yule anayeambiwa. Tukiuchukua utenzi kwa maneno yake, nakala ya kwanza ilitoka katika mkono wa Mwana Hashima. Msichana ameketi, kalamu mkononi, anaandika kwa hati za Kiarabu, ubeti baada ya ubeti, habari kwamba mama yake haponi. Jina Kupona, jamani, na mwenyewe haponi! Sijui kama yeye mwenyewe aliisikia kejeli hiyo ya jina lake. Mtunzi hodari kama yeye ni vigumu kuamini kwamba hakuisikia.

Kisha zinakuja zile sitiari mbili ambazo wanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani. Nasaha ni hirizi ya kufungwa kwa kamba imara, na tena ni kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Hirizi hufungiwa mtoto mchanga. Kidani huvalishwa bibi arusi. Mama anashika ncha mbili za maisha ya mwanamke, kuzaliwa na kuolewa, na kuziunganisha katika beti chache, kwa sababu yaliyo katikati, ile miaka ambayo mama humwona mwanawe akikua polepole, akikosea na kukanywa, yeye hatakuwapo kuyaona. Ndiyo maana nasaha zenyewe zimejaa mambo madogo madogo: usafi, manukato, mapishi, namna ya kuongea na watu, kusema kweli, kutokaa na wasio na adabu. Msomaji wa leo huuliza kwa nini mama anayekaribia kifo apoteze pumzi kwa habari za udi na marashi. Lakini hayo ndiyo mambo ambayo mtoto hayafundishwi kwa hotuba. Hujifunza kwa kumtazama mama jikoni na kumsikia akizungumza na mgeni mlangoni. Mwana Hashima hatakuwa na wa kumtazama, kwa hiyo kila kitu kinabidi kitiwe katika maneno.

Hapo ndipo tunapofika penye beti za mume. Mama anasema radhi ya watano inahitajika: Mungu, Mtume, baba, mama, na wa tano ni mume. Wasomaji hurukia huyo wa tano na kuanza kugombana. Mimi husimama kwa wa tatu na wa nne. Baba wa msichana huyu ni marehemu, na mama yu njiani kumfuata. Katika orodha ile ya watano, kwa upande wa wanadamu walio hai, atabaki mmoja tu, naye ni mtu atakayetoka nje ya nyumba yao. Katika Siyu ya 1858, kwa binti wa mtawala aliyekufa na ukoo unaowindwa na Unguja, mume ndiye atakuwa paa la mwisho. Mama hasemi kwamba hali hiyo ni ya haki. Anasema jinsi ya kuishi chini ya paa hilo lisianguke.

Na katikati ya nasaha hizo kuna neno ambalo kwangu ndilo moyo wa utenzi: mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Ann Biersteker, katika makala ya mwaka 1991, alipendekeza kwamba utenzi huu usomwe kwa sikio linalosikia kejeli, kwamba pengine mama anacheka kidogo nyuma ya ushungi. Nakubaliana naye kwa mahali kama hapa, ingawa siwezi kuusoma utenzi mzima kama mzaha. Kitanda cha mgonjwa hakiniruhusu. Ninachokiona zaidi ni ukali wa mabadiliko anayotakiwa binti ayapitie. Asubuhi yeye ni mtoto anayeitwa asogee karibu na mama. Beti kadhaa baadaye yeye ni mama wa mtu mzima. Hakuna daraja kati ya hali hizo mbili.

Baada ya hapo sauti inageuka. Mama anaacha kuzungumza na binti na kuanza kusimulia ndoa yake mwenyewe, jinsi alivyoishi na mumewe kwa mapenzi na jinsi alivyompoteza. Kisha anamgeukia Mungu. Sehemu hii ya dua ni ndefu, nayo ndiyo inayorukwa zaidi darasani kwa kuwa haina nasaha za kunukuu. Anawaombea wanawe, anawaombea ndugu na jamaa na Waislamu wote, anajiombea afya na mwisho mwema. Anayebadilisha msikilizaji namna hii ni mtu aliyekwisha kumwambia mtoto kila anachoweza kumwambia na akaona hakitoshi.

Pengine msomaji atauliza mambo haya ya Pate yanawahusu nini watu wa Mugango, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, mbali na minazi. Kwa mwaka, yanakutana kwa karibu mno: ni mwanzoni mwa Agosti 1858, siku chache kabla ya mwaka ule wa 1275 kuanza, ambapo John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza, akaliona ziwa na kulipachika jina la malkia wake. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Huku kwetu ndiko nilikojifunza namna ya kuisoma ile dua.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi katika mkoa wa Mara kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2019 kitabu juu ya kumbukumbu za wanawake wa mkoa huu. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tukilisikia bila kulizingatia. Ukimuuliza mzee wa kiume historia, atakupa asili ya kabila, uhamaji, vita na mipaka. Ukimuuliza bibi, atakueleza nani alioa wapi, nani alilelewa na nani, njaa ilipoingia walikimbilia kwa shangazi yupi, mtoto gani alibaki ng'ambo ya ghuba. Kwa muda mrefu watafiti waliyaona hayo kuwa porojo za nyumbani, wakafunga daftari. Shetler aliyaona kuwa historia: ramani ya mahusiano ambayo bila hiyo jamii isingevuka majanga yake. Kabla yake, Hugo Huber aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1973, juu ya ndoa na familia katika Bukwaya, nchi hii hii ya Wakwaya iliyo kandokando ya Mugango, ambako upande wa mama ulikuwa na uzito mkubwa katika kuhesabu ukoo na urithi.

Msiba unapotokea huku na marehemu ameacha watoto, mazungumzo mazito hayafanyiki makaburini. Hufanyika siku ya kuanua matanga, jamaa wanapokaa na kuulizana watoto wanakwenda kwa nani. Mwanamume atazungumzia shamba, mtumbwi na nyavu. Bibi aliye pembeni, ambaye hadi hapo hakuulizwa neno, ndiye anayejua kwamba marehemu alikuwa na mama mdogo kule Majita aliyewahi kulelewa katika nyumba hii, na kwamba deni hilo la malezi halijalipwa. Neno lake hilo moja huamua mtoto atalala wapi kwa miaka kumi ijayo. Ukiisikiliza dua ya Mwana Kupona kwa sikio lililozoea maneno ya bibi huyo, inakuwa wazi. Kuwataja ndugu na jamaa mbele ya Mungu, binti akiwa na kalamu mkononi, ni pia kumwachia binti orodha. Hawa ndio watu wako. Kama mimi sipo, hawa wapo.

Haki inadai tuseme pia habari za wale ambao orodha hiyo haikuwahusu. Utenzi unamwonya Mwana Hashima asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Sentensi hiyo hupitwa kwa aibu au hufutwa kabisa, na sioni kwa nini. Inatuambia kwamba ndani ya nyumba ile walikuwamo watu wengine, na kwamba watu hao nao walikuwa na mama zao mahali fulani. Wala hatuhitaji kukisia jinsi utoto wa namna hiyo ulivyopotea, kwa kuwa yupo msichana wa miaka ile ile aliyeacha masimulizi. Alijulikana kwa jina la Swema, kutoka nchi ya Wayao. Alichukuliwa akiwa na umri wa kama miaka kumi kwa sababu ya deni la mama yake. Mama aliomba afuatane naye katika msafara, akaishiwa nguvu njiani, akaachwa. Swema alifikishwa Unguja akiwa hoi, akazikwa kaburi la juujuu akidhaniwa amekufa, akaokolewa na kupelekwa kwa wamisionari Wakatoliki katikati ya miaka ya 1860. Masimulizi yake yaliandikwa na kuchapishwa kwa Kifaransa, na karne moja baadaye mwanahistoria Edward Alpers akayarudisha mbele ya wasomaji.

Wawekeni wasichana hawa wawili pamoja. Wote walifiwa na mama katika pwani moja na takriban katika muongo mmoja. Mmoja alipewa beti 102. Mwingine alipewa mwendo wa siku nyingi nyuma ya msafara, akitazama nyuma. Nasema hivi bila nia ya kumhukumu Mwana Kupona kwa kuzaliwa katika nyumba ya watawala. Nasema kwa sababu uzito wa beti hizo hauonekani vizuri mpaka mtu aone msichana asiyekuwa nazo.

Yapo mashairi mengine duniani juu ya mtoto anayegundua upotevu. Mwaka 1880 padri Mjesuti wa Uingereza, Gerard Manley Hopkins, alitunga shairi fupi juu ya msichana anayelia kwa sababu majani ya msitu yanapukutika. Mtu mzima anayezungumza naye anamwambia kwamba atakapokua atazoea, kisha anamfumbulia kwamba hata sasa, bila kujua, anajililia yeye mwenyewe. Ni shairi zuri sana, na lina ukatili kidogo wa msomi: mtoto analia, mkubwa anafafanua. Mwana Kupona hafafanui huzuni hata mara moja. Hamwambii binti kwamba uchungu ni sehemu ya kukua, wala kwamba atazoea. Anampa kazi ya kuandika, na baada ya kuandika, kazi ya kuishi. Njia hiyo ndiyo aliyoifuata Shaaban Robert kwa namna yake, yeye aliyefiwa na mkewe Amina: alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Baba aliingia katika nafasi ya mama, na umbo lilikuwa lile lile la utenzi wa wasia. Ni ajabu kwamba tenzi hizo nazo tunazifundisha kama orodha za mema na mabaya, tukisahau kwamba nyumba ile ilikuwa na msiba.

Nimesema hayo yote kwa sababu namna tunavyousoma Utendi wa Mwana Kupona ina matokeo nje ya darasa. Mara ni mkoa ambako binti huozwa mapema, na mahari ya ng'ombe huweza kumfanya yatima wa kike awe mali kwa mlezi wake kabla hajawa mwanafunzi. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu, wakiutaja utenzi huu kama ushahidi kwamba mila zetu zilijua tangu zamani kuwa msichana kazi yake ni kuolewa. Hawajausoma mpaka mwisho. Mama yule hakuwa akiharakisha ndoa. Alikuwa akishindana na kifo.

Sheria yetu haisaidii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kutoa kibali hata akiwa na miaka 14. Tarehe 8 Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mwaka mmoja ukapita, ikafuata na mingine.

Katika sheria hiyo ya 1971 kiko kifungu cha 17, kinachozungumzwa kidogo kuliko kile cha umri. Kinasema kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya baba yake kabla ya kuolewa. Baba akiwa amefariki, idhini ya mama. Wote wawili wakiwa wamefariki, idhini ya mlezi. Na ikiwa wote hao wamefariki, kifungu kinasema, msichana huyo hahitaji idhini ya mtu yeyote.